Operesheni moja, kliniki tatu, bei tatu: nani ananiibia?

Shikamoo Dokta,

Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, na nina hasira pia. Tunaishi Kimara na tuna mbwa jike, Suzi, mweusi mwenye mabaka ya kahawia, chotara wa shepadi. Alikuwa wa jirani yetu, mtumishi wa wizara. Ofisi yao ilipohamia Dodoma akatuachia sisi, maana kule alipata nyumba ya ghorofani. Ana miaka sita au saba, na hajawahi kuzaa. Usiku akibweka, mtaa mzima unajua kuna mtu anapita.

Nimekuwa nataka afungwe kizazi kwa sababu kila akiingia kwenye joto, madume ya mtaa yanahamia getini kwetu na kupigana mpaka alfajiri. Mara ya mwisho ilikuwa kama mwezi mmoja na nusu uliopita. Wiki hii nikaanza kuulizia bei.

Bwana mifugo anayetibu ng'ombe na kuku wa hapa mtaani kaniambia elfu sabini: anakuja nyumbani, anamfanyia barazani, jioni mbwa anatembea. Kliniki moja ya Sinza wakaniambia kwa simu laki moja na themanini. Nyingine, ya Masaki, laki nne na ishirini, "vipimo vya damu vikiwa sawa", yaani visipokuwa sawa inapanda tena. Hiyo ni mara sita ya bei ya bwana mifugo! Mdogo wangu aliyeko Morogoro anasema nimpeleke hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha huko. Shoga yangu wa Tabata naye paka wake kafungwa kizazi kwa elfu sitini na yuko mzima, anaruka ukuta.

Dokta, mimi nauza vitenge Kariakoo. Najua bei inavyotofautiana duka na duka, lakini sijawahi kuona kitenge kilekile duka la pili likikiuza mara sita. Naona hawa wanaangalia sura ya mtu. Yule wa Masaki aliniuliza mbwa ni wa aina gani kabla hatujamaliza salamu, na nilipotaja shepadi nikaisikia bei inapanda.

Tatizo la pili ni mume wangu. Anasema kwao Kilosa mbwa hatibiwi, akiugua anapona mwenyewe au anakufa, na kwa laki nne yeye ananunua mbwa watatu. Tumegombana mbele ya watoto. Tangu juzi Suzi ni mnyonge, chakula anakinusa tu, maji anakunywa ndoo nzima, na anajilamba nyuma muda wote. Mimi nadhani ni umri na hili joto la Dar. Baba watoto akampa nusu kidonge cha diklofenaki, dawa ya maumivu ya watu tuliyokuwa nayo ndani, na leo ameamka ana nafuu.

Niambie ukweli: bei halali ni ipi? Nimpeleke wapi nisiibiwe?

Mama wa wawili, Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Bei tutaifikia. Kuna jambo umelipitia haraka mwishoni mwa barua, na hilo ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya waliotangulia.

Jike wa miaka sita au saba, hajazaa, hajafungwa kizazi, alitoka kwenye joto mwezi na nusu uliopita. Sasa ni mnyonge, hali chakula, anakunywa maji kupita kiasi, anajilamba nyuma. Msomee hayo kwa simu daktari yeyote anayetibu mbwa, na kabla hujamaliza atakuuliza uko wapi na utafika saa ngapi. Hivyo ndivyo unavyoanza ugonjwa wa usaha kwenye kizazi, sisi tunauita payometra. Huwapata majike wenye kizazi, mara nyingi wiki nne mpaka nane baada ya joto. Kizazi kinajaa usaha, sumu ya bakteria inaingia kwenye damu, figo zinashindwa kubana mkojo, ndiyo maana ndoo haitoshi.

Mwinue mkia umtazame. Ukiona uchafu mzito wa rangi ya maziwa, au mwekundu wenye harufu mbaya, mlango wa kizazi uko wazi na usaha unapata pa kutokea. Usipoona kitu usishangilie. Mlango ukiwa umefungwa usaha wote unabaki ndani, na huyo ndiye anayekufa haraka zaidi. Inawezekana nimekosea, kisukari na ugonjwa wa figo navyo huleta kiu kama hiyo, lakini hayo nayo hayagunduliwi kwa kukaa nyumbani. Apelekwe leo, si Jumamosi ukishafunga duka. Maji anywe, chakula asipewe tena mpaka daktari amwone.

Na diklofenaki basi, msimpe tena. Nafuu unayoiona ni homa na maumivu vilivyotulizwa kwa muda, ugonjwa uko palepale. Mbwa hawaiwezi dawa hiyo. Inawachubua tumbo hadi kutoka damu na inaumiza figo, na figo za Suzi huenda tayari zina kazi kubwa. Mweleze daktari mlimpa kiasi gani na saa ngapi, wala usione haya, kwa sababu jibu lako ndilo litakaloamua achague dawa gani ya maumivu. (Mwambie na shoga yako wa Tabata: Panadol kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.)

Sasa bei.

Umepewa bei tatu ukadhani ni za kitu kimoja. Wewe uliuliza "kumfunga mbwa kizazi ni shilingi ngapi?", na kila mmoja akajibu kwa kazi anayoifanya yeye. Bwana mifugo alitaja bei ya kukata na kushona. Sinza walitaja bei ya mbwa mzima wa afya anayeingia asubuhi na kutoka jioni. Masaki waliweka ndani vipimo vya damu, dripu, na bila shaka nusukaputi ya gesi na mtu wa kumkagua mbwa mpaka aamke. Hivyo ni vitenge vitatu, kimoja cha nta halisi na kingine cha kuchuja rangi maji ya kwanza, na wewe muuza vitenge ungemcheka mteja anayeuliza bei kabla ya kukishika.

Halafu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amemwona Suzi. Kama kweli kizazi kina usaha, ile bei ya Sinza imekufa. Kizazi cha kawaida cha mbwa ni chembamba kama kamba ya kiatu nene. Kikijaa usaha kinaweza kuwa kama soseji mbili nene zilizolala tumboni, na kikipasuka mkononi mwa daktari kazi inageuka kuwa ya kuokoa roho. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dripu kabla hajalazwa mezani, dawa za bakteria kwa siku kadhaa, na pengine kulala kliniki. Kwa hiyo ukifika Sinza na wakakuambia bei imeongezeka, usianze kwa kuwaita wezi. Waulize imeongezeka kwa ajili ya nini.

Kuhusu shepadi: nadhani ulisikia vibaya. Tunapouliza aina ya mbwa, mara nyingi tunakadiria kilo. Dawa ya usingizi, ya maumivu, ya bakteria, hata maji ya dripu, vyote hupimwa kwa uzito. Paka wa Tabata ana kilo tatu au nne. Suzi, kama ni chotara wa shepadi mwenye mwili wake, ana zaidi ya 25. Kila kichupa kinachomtosha paka, Suzi anakunywa sita au saba. Tena paka ana tumbo jembamba lisilo na mafuta, daktari mzoefu anamaliza upesi. Jike mkubwa wa umri huo ana mafuta mengi na mishipa minene, na mkono unazama. Ndiyo maana hata kuhasi dume ni rahisi kuliko kufunga jike: korodani ziko nje, kizazi kinafuatwa ndani ya tumbo.

Sisemi hakuna wanaotoza kwa kuangalia gari. Wapo, na ninawajua kwa tabia. Mwenye kufanya hivyo hukutajia jumla moja nene bila kusema ndani kuna nini, na ukimwomba akuandikie anaanza kukohoa. Kliniki ya kweli inakuandikia makadirio, inakupa na risiti. Bei ya Masaki ina kodi ya pango la Masaki ndani yake, jenereta, mashine, na wateja wanaosafirisha paka na mbwa kwenda nje wanaotaka makaratasi yao yanyooke. Hiyo haimaanishi kisu chao ni kikali kuliko cha Sinza.

Kuna kitu kingine kinachofanya bili ya mnyama ichome. Hospitali zetu sisi watu tumezoea mkono wa bima, au serikali imeshabeba sehemu ya gharama kabla hujafika dirishani. Bili ya Suzi inakuja uchi, hakuna aliyeichangia. Na dawa nyingi za mbwa na paka huagizwa nje, hivyo dola ikipanda, nazo zinapanda. Chukua mfano wa chanjo. Ya mdondo wa kuku inatengenezwa hapa hapa Kibaha, kwenye Taasisi ya Chanjo, na kichupa kimoja kinachanja kuku wengi, ndiyo maana kwa kuku mmoja unalipa kama bure. Ya mbwa dhidi ya parvo (virusi vya kuharisha damu) na wenzake inatoka ng'ambo, kila mbwa kichupa chake, na imesafiri njia nzima kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekulipisha kwa kuku shilingi chache na kwa mbwa maelfu hajakuibia.

Wala huu si ujanja wa Dar peke yake. Uingereza, ambako watu wanakata mpaka bima ya mbwa, mamlaka yao ya ushindani ilifungua uchunguzi rasmi wa soko la matibabu ya wanyama Mei 2024, baada ya wenye mbwa na paka kulalamika kwamba hawaambiwi bei mapema na hawajui walinganishe nini na nini. Huko makampuni makubwa yamenunua kliniki nyingi sana: mwaka 2013 yalikuwa na kama asilimia 10, sasa ni karibu asilimia 60. Sisi bado tuna kliniki za daktari mmoja na msaidizi wake, na hilo ni faida kwako, kwa sababu mwenye maamuzi ndiye unayezungumza naye.

Basi zungumza naye. Akishamkagua Suzi, muulize: bei hii ina nini ndani? Nusukaputi ya sindano au ya gesi? Dripu imo? Dawa ya maumivu ya leo na ya kwenda nayo nyumbani? Kurudi kutoa nyuzi kunalipiwa? Akizidiwa usiku nampigia nani, na huyo anakuja kwa bei gani? Nani atashika kisu? Ukipata majibu hayo kutoka kwa kliniki mbili ndipo utakapokuwa unalinganisha bei kwa haki.

Na kama mfukoni kuna laki mbili na nusu, sema laki mbili na nusu. Watu wanaona aibu kutaja, wanakubali kila kitu, halafu wanatoroka siku ya kumchukua mbwa. Daktari akijua kikomo chako anajua cha kupunguza. Nusukaputi ya sindano inafanya kazi, maelfu ya mbwa wamefanyiwa hivyo. Vipimo vya damu si lazima kurasa mbili, anaweza kuangalia figo, sukari na wingi wa damu akaanza kazi. Kulala kliniki usiku wa pili kunaweza kubadilishwa kuwa wewe kumleta asubuhi kwa sindano. Wengine hukubali ulipe kianzio na kumalizia kwa mafungu, hasa ukiwa mtu wa mtaani ambaye duka lake linajulikana. Ila kuna vitu ukiona vinapunguzwa, ondoka na mbwa wako: dripu kwa mgonjwa wa usaha, dawa ya maumivu, vifaa vilivyochemshwa na glavu safi. Mbwa halii kama mtu, na kuna wanaotumia ukimya wake kubana gharama.

Bwana mifugo wako asimguse kwa kisu. Simdharau. Ng'ombe wa Kimara wasingekuwa hai bila yeye. Lakini kufungua tumbo ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya 2003 imewatenganisha madaktari na wasaidizi wa fani hiyo, na unayo haki ya kumuuliza mtu yeyote usajili wake. Barazani hakuna dripu, hakuna taa, hakuna wa kumwangalia akipoteza pumzi. Ninachohofia zaidi ni kwamba akimwona alivyo mnyonge atamchoma oksitetra, dawa ya bakteria ya ng'ombe, Suzi atachangamka siku mbili, nyinyi mtatulia, kisha kizazi kitapasuka. Umelipa elfu chache ukanunua siku mbili, na operesheni imekuwa ghali maradufu.

Mdogo wako wa Morogoro hajasema vibaya. SUA ndiko madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii waliposomea, mimi mmoja wao, na hospitali ya kufundishia haikimbizani na faida. Wanafunzi wanakuwepo, lakini kuna mwalimu amesimama juu ya bega lao, na wanaangalia mambo ambayo kliniki yenye foleni haiyaangalii. Ungekuwa unapanga operesheni ya mwezi ujao ningekuambia nenda. Kwa hali hii, kilomita 190 na mbwa mwenye sumu kwenye damu ni mbali mno.

Kwa leo, nenda Sinza. Wapigie kabla hujatoka nyumbani, tumia maneno yaleyale: "nina jike, alitoka kwenye joto mwezi na nusu uliopita, hali chakula, anakunywa maji sana, nadhani kizazi kina usaha, mna nafasi ya kumpasua leo?" Wakisema hawana daktari wa upasuaji leo, ndipo uende Masaki, na ulipe. Jadiliana na bajaji kabla mbwa hajapanda. Wapo wanaodai nauli mara tatu kwa kisingizio cha manyoya, na shuka kuukuu la kutandika kwenye kiti humaliza ubishi.

Baba watoto tusimcheke. Kilosa alikokulia, mbwa anakula mabaki, analinda shamba, na mganga wake ni majani anayotafuna mwenyewe. Hesabu yake ya mbwa watatu ina upungufu mmoja tu: hao watatu hawajui getini kwenu ni wapi. Watoto wa mbwa atakaowanunua watataka chanjo zinazorudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike miezi minne, dawa za minyoo, na mwaka mzima wa kula bure kabla hajapatikana wa kubweka kwa maana. Mwekee hayo kwenye karatasi, bila watoto kusikiliza, aone jumla. Usimwambie habari za kumpenda Suzi. Ataanza ubishi mpya.

Lakini kama pesa kweli haipo, na si kwamba haijatafutwa, kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja. Daktari anaweza kumlaza usingizi wa mwisho kwa sindano, bila maumivu. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na upasuaji. Ni uamuzi mzito, na sitamlaumu anayeufikia baada ya kuhesabu mfuko wake. Kumwacha afe na usaha kwa siku nne chini ya mwembe, hilo nalilaumu.

Akipona, kazi nyingine za kila mwaka mpeni bwana mifugo wenu: dawa ya minyoo, kupe, na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo halmashauri nazo mara nyingi huitoa bure au kwa bei ndogo karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Akija kuchanja, tazama anakoitoa chanjo. Ikitoka kwenye kiboksi chenye barafu, achanje na aandike tarehe kwenye kadi. Akiitoa mfukoni mwa koti, mpe nauli yake, mshukuru, na sindano hiyo asichomwe mtu wala mbwa.